Mbwa Hufundwa Getini Kwake

Mwenye nyumba wa Malindi akichoshwa na mbwa anayerukia wageni, wazo la kwanza huwa ni kumpeleka akafunzwe huko mbali, arudi ametulia. Hurudi mpole kweli, siku mbili tatu. Boda ya kwanza ikisimama nje, yaleyale. Hela hizo ni afadhali apewe mkufunzi anayekuja nyumbani, kwa kuwa mbwa hashiki neno peke yake: hulishika pamoja na mahali na sauti ya anayelitamka.

Itazame geti kwa macho ya mbwa. Pikipiki inakuja, anabweka, pikipiki inakwenda zake. Dereva alikuwa anapita tu, lakini mbwa amehesabu ushindi. Anapita muuza maji na mkokoteni wa madumu, ushindi wa pili. Kufika magharibi ameshinda kutwa nzima, na fimbo haifui dafu mbele ya malipo kama hayo.

Kwa hiyo badilisha malipo. Chemsha maini bila chumvi wala kitunguu, katakata vipande vya ukubwa wa punje ya hindi. Mfunge kamba ya mita moja na nusu, msimame mbali na geti, tuseme hatua ishirini, pale anaposikia hodi lakini bado anakula. Mtu agonge kidogo nje. Papo hapo, kabla hajabweka, kipande kinywani. Ukichelewa sekunde tatu umelipa jambo jingine. Rudieni mara nane hadi kumi, dakika tano zitoshe, kisha mwacheni. Sogeeni hatua mbili pale tu anapogeuka kukutazama kila anaposikia mlio wa hodi. Akikataa maini, msimkemee: mko karibu mno, rudini nyuma. Wengi huharibu hapa kwa pupa, wakitaka siku moja wafike kwenye komeo.

Fanyeni kabla ya saa mbili asubuhi au jua likipungua jioni. Mbwa anayehema kwa joto hana la kujifunza. Na kwa anayechunga twahara ya swala, si lazima mate ya mbwa yamguse. Kipande kirushwe chini.

Anayerukia watu tiba yake ni kunyimwa alichokitaka: geuka, usimseme, usimsukume, miguu minne ikigusa chini ndipo umpe. Atazidi kuruka kwanza, maana mbinu iliyozoea kumlipa imegoma. Ukikata tamaa hapo ukamshika kichwa, umemfunza kwamba dawa ni kuruka zaidi.

Anayenguruma asipigwe. Kunguruma ni onyo, na ukilifuta kwa kipigo, hofu hubaki na onyo huondoka. Siku nyingine atauma kimya kimya. Kabla ya hapo huwa ameshasema kwa mwili: anafunga mdomo ghafla, anaganda, weupe wa jicho unaonekana pembeni. Anayeuma tayari, au aliyebadilika tabia ghafla, aanzie kwa daktari wa mifugo. Sikio linalouma au kupe waliomjaa hawatolewi kwa maini. Aliyeumwa naye aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa ana chanjo.

Kumfunga mchana kutwa chini ya mwarobaini hakumpozi. Anaona kila kitu, hafikii wala hakimbii, na akifunguliwa usiku hutoka na yote.

Lakini mafunzo mengi hufia kwa askari, na si kosa lake, hakuna aliyemwambia. Mwenye nyumba Mtaliano anasema *seduto*, askari anasema kaa, dada wa jikoni anasema keti, na wote watatu wanataka mbwa aketi. Chagueni neno moja, hata likiwa la Kitaliano. Na ule mchezo wa askari wa zamu ya usiku kumchokoza mbwa ili awe mkali ukomeshwe. Mlinzi wa nyumba anahitaji mbwa wa kubweka na kunyamaza akiambiwa, si wa kumrarua mtu wa gesi.

Mkufunzi akija na mnyororo wa kukaba, mfungulieni geti atoke. Akishika kamba mwenyewe saa nzima nanyi mkitazama barazani, amemfunza mbwa kumtii yeye. Aishike dakika kumi za mwanzo. Zilizobaki ashike askari.