Utumbo wa pili: zamu imempita?

Tukizungumzia upandikizaji hapa Mwanza, hoja haichelewi kutokea: aliyepewa kiungo kikamharibikia, zamu imempita, apewe mwingine. Kwa utumbo hoja hiyo ina uzito. Viungo ni haba, na upandikizaji wa pili kwa wastani hauendi vizuri kama wa kwanza. Kingamwili zimekwisha kujiandaa, tumbo limejaa makovu, figo zimechoshwa na takrolimusi, dawa ya kuzuia mwili usikikatae kiungo.

Ninachobishia ni hiyo zamu, kana kwamba mgonjwa aliichezea. Wapo wanaoacha dawa, hasa vijana. Lakini utumbo umesheheni chembe za kinga kuliko figo, mwili huukataa upesi, na hakuna kipimo cha damu cha kutegemewa kinachotoa onyo mapema. Daktari hulazimika kuingiza kamera na kunyofoa vinyama mara kwa mara. Mtu anaweza kumeza kila kidonge kwa saa yake na bado akaupoteza.

Halafu aende wapi? Wa figo hurudi kwenye mashine ya kusafisha damu, na hospitali ya Bugando ipo. Wa utumbo hurudi kwenye lishe ya mshipani: mfuko wa sukari, mafuta na protini unaodondoka usiku kucha kupitia mpira uliopenyezwa kifuani hadi karibu na moyo. Mpira ukiingia wadudu, homa inapanda, anatetemeka kitandani, unang'olewa. Damu ikiganda, mshipa umeziba, unatafutwa mwingine. Mishipa hiyo mikubwa ni ya kuhesabu, wala haishonwi kama nyavu za wavuvi wa Kirumba. Ikiisha yote, chakula hakina pa kupita. Ini nalo linaweza kuharibiwa na lishe hiyohiyo. Kwa hiyo anayesema "tungoje kwanza" mara nyingi ameshaamua bila kujua.

Baadhi ya mabingwa hupandikiza utumbo wa pili pamoja na ini, maana ini hupunguza makali ya kingamwili. Hapo wapinzani wananibana kweli: ini hilo lingemwokoa mtu mwingine.

Kwetu utumbo bado. Figo zilianza Muhimbili mwaka 2017, Benjamin Mkapa Dodoma mwaka 2018, na hutolewa na ndugu walio hai. Figo ya kaka ikifa, ya pili itolewe na dada? Huko anayepasuliwa ni mtu mzima wa afya, na mgonjwa bado ana mashine. Kwa kesi hiyo ningekwenda polepole zaidi.