Msindikizaji Naye Husafishwa

Upepo wetu wa kusi ukishavuka bahari hufika pwani ya Malabar umebeba mvua, na watu wa jimbo la Kerala, kusini mwa India, wana mwezi wao uitwao Karkidakam, wa kuanzia katikati ya Julai hadi katikati ya Agosti, ambao kwao ndio msimu hasa wa kutibiwa kwa Ayurveda, tiba ya jadi ya India. Wanaamini kwamba hewa ikiwa na unyevu mwili hulegea na dawa hupenya vizuri. Mjomba wangu, mwalimu mkuu mstaafu wa huku Tanga, aliyapata hayo kwa rafiki yake wa barazani, na kwa kuwa kiuno chake kilikuwa kimefikia hatua ya kukataa kuinuka mkekani bila kushikwa mkono, aliamua kwamba tutakwenda wawili: yeye mgonjwa, mimi msindikizaji wa kubeba mabegi.

Hapa ni lazima nieleze mgawanyo wa elimu katika msafara ule. Mjomba amefundisha Kiingereza maisha yake yote. Mimi ninauza vipuri vya pikipiki, na Kiingereza changu kinaishia kwenye majina ya vyuma. Kwa hiyo kila neno lililosemwa katika hospitali ile, iliyokuwa nje kidogo ya mji wa Kochi, lilinifikia kwa kupitia kinywa cha Mjomba, mtu ambaye tangu utotoni nimefunzwa kutokumbishia.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye shahada ya Ayurveda, ambayo kule husomewa kwa miaka mitano na nusu. Alimuuliza Mjomba kuhusu usingizi, chakula na hasira, na Mjomba akajibu kwa ufasaha uliomfaa. Kisha wakafika kwenye habari za choo. Matabibu wa Ayurveda hawaligusi suala hilo juujuu: hutaka kujua unakwenda mara ngapi na saa ngapi, ni kigumu au laini, na kikiingia majini kinaelea au kinazama. Maneno sikuyaelewa, lakini mikono ya daktari ilikuwa ikieleza vizuri sana. Mzee aliyewahi kuwanyamazisha wanafunzi wa shule nzima kwa kukohoa tu alivua kofia, akaivaa tena, akazungumza kwa kirefu huku akinielekezea kidevu, halafu akanigeukia.

“Daktari anasema hapa msindikizaji naye husafishwa, tena ndiye anayeanza. Ndio utaratibu wao.”

“Sawa, Mjomba.”

Daktari alinishika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, kila kidole kikisikiliza chake katika zile nguvu tatu wanazoamini huendesha mwili: cha kwanza vata, cha pili pitta, cha tatu kapha. Kisha akanibonyeza kiunoni. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeshuka kwenye ndege iliyotutoa Dar es Salaam kupitia Doha, na mtu wa namna hiyo hata ukimbonyeza sikio atalia. Nikaguna. Akaandika ukurasa mzima.

Usafishaji wenyewe huitwa panchakarma, yaani matendo matano: kutapisha, kuharisha, kuingiza dawa kwa njia ya haja kubwa, kutia dawa puani na kutoa damu. Si kila mtu hupewa yote matano, na kwa hilo ninamshukuru Mungu hadi leo. Kabla ya lolote, mwili hulainishwa kwa ndani kwa kunyweshwa samli iliyopikwa na majani machungu, kipimo kikiongezwa kila siku. Mimi ni mtu wa pwani na samli siiogopi ikiwa ndani ya biriani. Hii ililetwa alfajiri katika kikombe cha chuma, ikiwa vuguvugu, na aliyeileta alisimama palepale hadi niimeze na kufungua kinywa akague. Baada ya hapo ni maji ya moto tu mpaka njaa ije yenyewe, na ikija unapewa uji wa mchele na choroko. Siku zilivyoendelea nilianza kutoa samli kwa jasho. Nikilalia mto, ulibaki na ramani ya uso wangu.

Mjomba wakati huo alikuwa akila appam, ambazo ukizitia nazi kama wanavyozitia wao huzitofautishi na vibibi, pamoja na mchuzi wa samaki mwekundu wenye pilipili ya kuamsha wafu. Aliniambia kwamba mgonjwa mwenye kiuno amepangiwa hivyo. Nilimwonea huruma kwa ile pilipili.

Ikafika siku ya mafuta. Kitanda chao, droni, huchongwa kwa mbao nzito na kuwekewa mfereji pembeni wa kukusanya mafuta yanayotiririka. Vazi la mgonjwa ni utepe wa kitambaa ambao mtu akiwa na tumbo kama langu huwa ni habari tu inayosimuliwa. Vijana wawili walinipaka mafuta ya ufuta ya moto, mmoja kulia na mmoja kushoto, mikono yao ikipanda na kushuka kwa pamoja bila kupishana hata kidogo, na nakiri kwamba lilikuwa jambo tamu. Balaa lilikuja wakati wa kushuka. Nilikanyaga sakafu nayo ikanikataa. Vijana wakanidaka nikawaponyoka kama kambale, wakanidaka tena, na tukamaliza safari ya kwenda kwenye sanduku la mvuke sote watatu tukiwa tumekaa chini.

Sanduku hilo ni la mbao, unafungiwa ndani na kichwa pekee kinachomoza juu. Mjomba alichungulia, akanipiga picha na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mama mdogo aliuliza mwili umepelekwa wapi. Kabla hajajibiwa, ndugu wawili walikuwa wameshatuma rambirambi.

Kisha likaja tendo lenyewe, virechana, la kuharisha. Nilinyweshwa dawa yenye mafuta ya nyonyo, na muuguzi akatundika karatasi mlangoni, kwa sababu vitabu vyao vya kale vimeweka viwango: safari 10 ni usafishaji hafifu, 20 ni wa wastani, 30 ni bora. Mjomba aliposikia habari ya viwango, ualimu ulimrudia. Alivuta kiti mbele ya mlango, akafungua daftari, akaanza kupiga mistari. Nilipovuka kumi alinipongeza. Nilipoanza kulegea alisema kwa ukali, “Ukoo wetu haujapata kuishia daraja la pili!”

Hapo ndipo kalamu ilipomdondoka, naye akainama kuiokota, kiuno kikashika. Daktari alimkuta amekumbatia nguzo ya veranda, amekunjika, hawezi kwenda mbele wala nyuma. Akamtazama yeye, akalitazama faili, akanitazama mimi niliyekuwa nimeshikilia mlango. Akamwita mpishi, mzee aliyewahi kufanya kazi Muscat na kuokota Kiswahili kwa Waomani wenye asili ya Zanzibar.

“Wewe gonjwa hapana,” mpishi aliniambia baada ya kumsikiliza daktari. “Huyu baba ndiyo gonjwa. Utaratibu ile, hapana. Na mimi kila siku napa gonjwa samaki!”

Mjomba, akiwa bado na nguzo yake, alisema kwamba tafsiri ni elimu pana.

Kama matibabu yale ni dawa au si dawa, wenye elimu yao na wabishane. Ninachojua ni kwamba kesho yake alfajiri kikombe cha chuma kilipoletwa, Mjomba alinyoosha kidole kunielekezea kwa mazoea, na daktari, aliyekuja mwenyewe safari hii, akakirudisha kidole mahali pake. Mimi nikaenda kula appam.

Siku yake ya nyonyo ilipowadia, kiti cha mlangoni kilikuwa changu, na daftari pia.

“Andika tisa,” sauti ilitoka ndani.

“Mjomba, muuguzi ameandika nane.”

“Ile ya alfajiri hamkuihesabu! Mwite daktari, nakata rufaa!”