Nembo haizoeleki kwa amri
Kuna mwandishi kaandika eti klabu ikibadili nembo, mashabiki hununa msimu mmoja tu, kisha ile mpya huizoea. Mwandishi huyo angeanza kwa kuwauliza watu wa Cardiff City, klabu ya Wales. Mwaka 2012 mwenye timu aliwavua bluu akawavika nyekundu, na kwenye nembo ndege wao wa siku zote akasukumwa chini ya joka. Mwaka 2013 wakapanda Ligi Kuu ya Uingereza na nyekundu hiyohiyo, lakini wapi! Skafu za bluu hazikuisha uwanjani, na Januari 2015 bluu ikarudi. Leeds United nao 2018 walitutolea nembo ya mtu asiye na uso, ngumi kifuani, utadhani kapaliwa na tonge. Mashabiki wakaja juu, ikarudishwa kabatini. Wanasiasa wana ugonjwa uleule: Labour, chama cha Uingereza, walichukua waridi jekundu kuwa nembo 1986, uchaguzi wa 1987 wakaangukia pua vilevile. Hivi kuna yeyote hapa aliyewahi kuhamia timu, au chama, kwa sababu nembo imependeza?