Mzuka Usiochorwa: Vitabu Viwili vya Margaret wa York

Mwaka 1475, Margaret wa York, mke wa Dyuki Charles wa Burgundy, aliandikiwa vitabu viwili vya mambo ya ahera, ambavyo michoro yake huhesabiwa kuwa kazi ya Simon Marmion na ambavyo leo vimehifadhiwa katika makumbusho ya Getty, Los Angeles. Cha kwanza, chenye michoro 20, kinasimulia habari za Tondal, mpiganaji wa Ireland mwenye kiburi aliyezimia siku tatu huku roho yake ikitembezwa na malaika jehanamu na peponi. Cha pili kina mchoro mmoja tu. Kinamhusu Guy de Thurno wa Alès, kusini mwa Ufaransa, ambaye mwaka 1323 inasemekana alirudi nyumbani baada ya kuzikwa, akamsumbua mjane wake hadi mtawa Mdominiko, Jean Gobi, akaja kumhoji.

Wapo wanaoviona vitabu vya namna hii kuwa chombo cha kutia hofu: marehemu anarudi, anaeleza mateso ya toharani (mahali ambako roho hutakaswa kabla ya kuingia peponi), anaomba misa, na misa zina gharama. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa mzuka wa Alès kweli aliomba kuombewa, tena majibu yake yalifuata mafundisho ya Kanisa kwa usahihi wa kushangaza kwa mtu ambaye hakuwa padri. Hata hivyo, kitabu cha ngozi kilichotiwa rangi za thamani hakikutengenezwa ili kiwatishe wakulima. Kilifunguliwa na mwanamke wa ikulu, na wenye fedha kama yeye ndio hasa walioweza kulipia misa nyingi. Kwa hiyo wapo pia wanaokiona kuwa faraja tupu, kwamba walio hai wanaweza kuwasaidia marehemu wao, nao wanasahau kwamba faraja hiyo haikuwafikia wote sawasawa.

Binafsi naegemea upande wa faraja, na kinachonivuta ni ule mchoro mmoja. Katika kitabu cha Tondal, Marmion hakusita kuchora mnyama mkubwa aliyeachama kinywa, roho zikiungua ndani yake. Lakini nyumbani kwa Guy, ambako masimulizi yanasema watu walisikia sauti tu, alichora mjane, mtawa na majirani wamekusanyika wakiizunguka sehemu ya chumba ambayo haina kitu. Mchoraji aliyekusudia kutisha tu asingeiacha sehemu hiyo wazi.