Noémi Ferenczy: kwa nini mchoraji afume mwenyewe?

Kwa karne nyingi Ulaya ilifuata mgawanyo mmoja katika tapestri, picha za kufumwa: mchoraji achore, mafundi wafume. Raphael, mchoraji wa Italia, alichora za kanisa la Sistine huko Vatikani. Karakana ya Pieter van Aelst mjini Brussels ikazifuma. Noémi Ferenczy wa Hungaria (1890–1957), aliyeshika kazi zote mbili, huonekana kwa wengi kama mkaidi aliyejitwisha mzigo wa bure.

Lawama hiyo ina hesabu yake. Chukua kitambaa cha mita 2 kwa 2 chenye nyuzi 6 za mtande, zile zinazotandwa kwanza kwenye mtambo, kwa sentimita: upana wake una nyuzi 1,200. Mshindio, uzi wa rangi unaokatiza mtande, hupita juu ya uzi mmoja na chini ya wa pili, hivyo kila mstari huonyesha vipande 600 vya rangi. Mistari ikiwa 20 kwa sentimita, jumla ni 4,000, yaani vipande milioni 2.4. Mafundi wanne wanaoketi bega kwa bega hugawana kazi hiyo. Anayefuma peke yake ataacha kazi chache.

Sasa tuulize: katika vipande hivyo milioni 2.4, mchoro umeamua vingapi? Unaonyesha kijani kikiingia kwenye buluu, basi. Rangi mbili zikikutana sambamba na mtande, kila mshindio hugeuka ukingoni mwake na kuacha mpasuo. Mfupi huchora kivuli chembamba, na wapo wanaouacha makusudi. Mrefu hufunguka kitambaa kinapotundikwa, kwa hiyo hushonwa. Au rangi ziingizwe kwa meno marefu na mafupi: mpasuo hauji, lakini ukingo hulainika, na uso uliochorwa mkali hupoa. Mshindio ukivutwa mno, kingo huingia ndani na picha husinyaa. Tena rangi hubadilishwa na jirani yake. Chevreul, mkemia aliyesimamia upakaji rangi wa nyuzi huko Gobelins, karakana ya tapestri ya Paris, alikuta kwamba nyeusi iliyolalamikiwa kuwa hafifu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa rangi zilizoizunguka. Hayo huonekana uzi ukishakaa mahali pake, na fundi wa kuajiriwa hana ruhusa ya kuigeuza picha ya mtu.

Ferenczy aliyajua hayo kwa vidole, maana alijifunza huko huko Gobelins. Kazi yake ya kwanza kubwa, “Uumbaji” (1913), na “Kukimbilia Misri” iliyofuata, zimejaa majani yaliyosongamana, mahali ambapo maamuzi madogo ndiyo picha yenyewe. Baadaye aligeukia watu wa kazi, kama mwashi na mwanamke aliyebeba kuni, na mwaka 1948 akapewa Tuzo ya Kossuth, tuzo ya taifa ya Hungaria.

Mfaransa Jean Lurçat alipata njia nyingine: rangi chache, kila moja na namba yake kwenye mchoro, mfumaji afuate. Njia hiyo inafaa na ni ya haraka. Ila inafaa kwa sababu mchoraji ameshaacha mapema michanganyiko ambayo namba haziwezi kuieleza.

Upande mmoja lakini haukwepeki. Kitambaa kirefu huviringishwa kadiri kinavyokamilika, na mfumaji wa mtambo wa wima huketi nyuma yake. Mstari wa 3,000 ukifika, ile 1,000 ya kwanza huenda imeshafichika. Kinachobaki cha kulinganishia ni mchoro, na Ferenczy naye alichora kwanza.