Wanafunzi wetu wapewe vitabu rahisi kabla ya orodha za maneno magumu

Muhula uliopita nilikuwa nikisahihisha madaftari ya kidato cha pili katika shule ya sekondari ya kata ninayofundisha, nje kidogo ya jiji la Dodoma, nikakutana na sentensi iliyonifanya niweke kalamu chini. Mwanafunzi mmoja, miongoni mwa wanaojituma kuliko wote darasani, alikuwa amejaribu kujifafanulia kwa Kiswahili maelezo ya somo la fizikia kuhusu umemetuli. Kitabu kilieleza kwamba fimbo ya kioo ikisuguliwa kwa kitambaa cha hariri "becomes charged". Yeye aliandika kwamba fimbo hiyo "inatozwa". Nilipomwita na kumuuliza, alifungua kurasa za mwisho za daftari lake akanionyesha orodha ndefu ya maneno ya Kiingereza aliyoyanakili na kuyakariri, kila neno likiwa na maana moja tu mbele yake, na palikuwa pameandikwa kwa mwandiko safi: "charge", toza. Hakuwa amekosea kukariri. Alikuwa amefanya hasa kile ambacho sisi walimu wake tulimfundisha kukifanya.

Neno hilo "charge" limeendelea kunisumbua kwa sababu linaonyesha wazi ninachotaka kusema. Fundi wa simu pale Majengo analitumia akizungumzia betri. Muuguzi anamwita msimamizi wa zahanati yake inchaji. Hati ya mahakamani inalitumia kwa maana ya shtaka. Hadithi ya wafugaji inaweza kulitumia kueleza dume la ng'ombe linavyomrukia mtu kwa pembe. Na mwalimu wa fizikia ana chaji yake ya umeme. Kwa Kiswahili hayo ni maneno tofauti kabisa, na hakuna orodha itakayomwambia mtoto achague lipi. Kinachomwambia ni sentensi. Penye hariri, kioo na kusugua hapawezi kuwa na ushuru, na mtoto aliyezoea kusoma sentensi nzima kabla ya kulisaka neno moja angelitambua hilo bila kuambiwa na mtu.

Uwezo huo anao tayari katika lugha anazozimudu. Mama akisema paa linavuja, mtoto anatazama juu. Mjomba akisimulia kwamba paa alikatiza mbele ya basi karibu na pori la akiba la Swagaswaga, hakuna anayefikiria mabati. Mtangazaji akisema ndege inapaa, maana ya tatu inafika yenyewe. Watumishi wa umma waliohamia hapa kwa wingi baada ya Serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma walijifunza neno "mbukwa" kwa njia hiyohiyo: walisikia watu wakiliambizana wakikutana, wakaona mikono ikipeanwa, na baada ya siku chache wakaanza kuitikia, bila kufungua kamusi ya Kigogo. Linaloniuma ni kwamba mtoto mwenye akili hii ya kunasa maana, ambaye pengine amekua na Kigogo au Kirangi nyumbani na Kiswahili shuleni, akifika kwenye lugha ya tatu tunamwambia aiache mlangoni na akariri.

Ninaelewa tunakotoka. Mwanafunzi wa shule ya msingi ya Serikali husoma masomo karibu yote kwa Kiswahili, kisha Januari moja anaamka akiwa kidato cha kwanza, ambako biolojia, jiografia na hisabati vinamsubiri kwa Kiingereza. Wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na William Dodd, waliandika ripoti mwaka 1984 iliyoonyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari nchini hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kujifunzia masomo mengine, na miaka michache baadaye ukaanzishwa mradi wa kusaidia ufundishaji wa lugha hiyo, ambao pamoja na mambo mengine ulileta shuleni vitabu vya hadithi vilivyoandikwa kwa ngazi, kuanzia maneno machache hadi mengi. Wazo lilikuwa sahihi, na kwa maoni yangu lilikuwa sahihi kuliko mengi yaliyofuata. Ila vitabu haviwezi kufanya kazi ndani ya kabati lililofungwa. Katika shule niliyoanzia kazi, vitabu vya aina hiyo vilihifadhiwa ofisini, safi, vimepangwa kwa unadhifu, na nilipoomba niviingize darasani nilijibiwa kwamba wanafunzi watavichana. Nilifundisha pale miaka kadhaa, na wanafunzi wakamaliza kidato cha nne bila kuvigusa.

Hapa ningependa tuzungumzie hesabu, kwa sababu wengi wetu tunapomwambia mwanafunzi akisie maana kutokana na muktadha, tunampa matini ambayo hayakisiki. Mwaka 2000 Marcella Hu na Paul Nation walichapisha utafiti ambamo walichukua hadithi, wakabadilisha baadhi ya maneno yake na kuweka maneno yasiyokuwa na maana yoyote, kisha wakapima wasomaji walielewa kiasi gani. Pale ambapo msomaji alijua asilimia 80 tu ya maneno, hakuna hata mmoja aliyeielewa hadithi vya kutosha. Hitimisho lao lilikuwa kwamba msomaji wa kawaida anahitaji kujua takribani asilimia 98, yaani neno moja geni katika kila maneno 50, ili asome kwa kuelewa bila msaada. Kwenye ukurasa wa maneno 300, hayo ni maneno sita. Siku moja niliwaomba wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza wapige mstari chini ya kila neno wasilolijua katika ukurasa mmoja wa kitabu cha biolojia, na karibu kila mstari wa matini ulikuwa na maneno matatu au manne yaliyopigiwa. Mtoto huyo hawezi kukisia. Neno geni linaelezwa na majirani zake, na hapo majirani wote walikuwa wageni pia.

Ndiyo maana ninasisitiza kitabu rahisi, rahisi kuliko kiburi cha mwanafunzi na pengine kuliko kiburi cha mwalimu wake. Kipimo ninachokitumia ni cha vidole vya mkono mmoja: fungua ukurasa wowote wa katikati, soma, kunja kidole kwa kila neno geni, vidole vitano vikikunjwa kabla ukurasa haujaisha, rudisha kitabu kwenye sanduku na uchukue kingine. Kikwazo kikubwa nilichokutana nacho hakikuwa uhaba wa vitabu, ingawa upo na unauma. Kilikuwa aibu. Kijana wa miaka 15 anayeitwa mwanafunzi wa sekondari na ndugu zake wote hataki kuonekana ameshika kitabu chenye picha ya kuku na maandishi makubwa, naye anaona heshima kukaa wiki tatu na kitabu kinene asichokielewa. Wazazi nao wamenijia wakiuliza kwa nini mtoto wa kidato cha kwanza anarudi nyumbani na kitabu cha shule ya msingi. Ninawajibu, kwa heshima yote, kwamba mtoto anayesoma vitabu kumi vyepesi kwa muhula anakutana na maneno yaleyale ya msingi mara nyingi sana, kila mara katika sentensi mpya, na kwamba neno huingia kwa kukutana nalo tena na tena. Watafiti wa Marekani William Nagy, Patricia Herman na Richard Anderson walionyesha mwaka 1985 kwamba kukutana na neno mara moja tu katika kusoma hutoa nafasi ndogo ya kulijua. Faida inakuja kwa wingi wa kurasa. Mwanafunzi aliyekwama kwenye ukurasa wa nne wa kitabu kinene anakosa wingi huo.

Anayedhani haya ni ya nchi zenye maktaba kubwa na autazame mfano wa Fiji. Warwick Elley na Francis Mangubhai walifanya jaribio lao katika shule 12 za msingi za vijijini katika visiwa hivyo, ambako watoto walikuwa wakijifunza Kiingereza kama lugha ya pili na vitabu vilikuwa haba. Madarasa ya shule nane yaliletewa vitabu 250 vya hadithi kila moja, vya kuvutia na vyenye picha, na madarasa mengine yakaendelea na mafunzo yao ya kawaida ya lugha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1983 yalionyesha kwamba watoto waliopewa vitabu waliendelea katika kusoma na kusikiliza kwa kasi ya karibu mara mbili ya wenzao, na baada ya mwaka wa pili faida ikaenea hadi kwenye kuandika na sarufi. Hawakupewa orodha. Walipewa hadithi na muda wa kuzisoma.

Muktadha, hata hivyo, hauishii kwenye maneno yaliyo jirani. Unaanzia kwenye yale ambayo msomaji ameyaona kwa macho yake kabla hajafungua ukurasa. Niligundua hili kupitia ukurasa wa michezo wa gazeti la Kiingereza. Vijana waliokuwa Uwanja wa Jamhuri kuitazama Dodoma Jiji walisoma habari ya mechi ileile siku iliyofuata, nao wakaelewa bila msaada kwamba "equaliser" ni bao la kusawazisha na "stoppage time" ni dakika za majeruhi, kwa sababu walijua bao lile lilifungwa lini na nani aliruka kwa furaha. Vijana haohao niliwapa kifungu kuhusu theluji na treni za chini ya ardhi wakabaki kimya. Tangu hapo, ninapotunga zoezi la ufahamu mwenyewe, ninaandika kuhusu mashamba ya zabibu ya Makutupora, ukame, mnada wa ng'ombe, na bei ya mahindi sokoni Kibaigwa. Katika sentensi kama "The rains failed, the grass withered, and the cattle grew thin", mtoto wa Bahi hahitaji mtu amwambie "withered" ni nini. Amekwisha kuyaona majani hayo kila mwaka mwezi Agosti. Treni na theluji zitakuja baadaye, atakapokuwa na maneno ya kuzipokelea.

Sisemi kamusi itupwe, wala sisemi kila kisio la mwanafunzi lipokewe. Zipo sentensi zinazopotosha, na mwalimu asiyelijua hilo atawapoteza watoto. Katika kitabu kimojawapo cha sanduku letu palikuwa na sentensi "She smiled reluctantly and handed over the money", na msichana mmoja wa kidato cha pili akaandika kwamba "reluctantly" maana yake ni kwa furaha. Kwani mtu huyo si alitabasamu? Kisio lake lilikuwa la busara na halikuwa sahihi. Ndiyo sababu ninawataka wanafunzi wafuate mwendo huu: wamalize aya nzima kwanza, warudi kwenye neno, waandike kisio lao kwa penseli pamoja na sentensi nzima lilimotoka, kisha ndipo wafungue kamusi, na wakifika pale wasichukue maana ya kwanza bali ile inayokubaliana na sentensi waliyoiandika. Orodha ya neno moja na maana moja hairuhusiwi tena katika madaftari yangu. Kazi hii inachukua muda, na kwa darasa la wanafunzi zaidi ya 60 wenye kamusi tatu inachukua uvumilivu pia, lakini dakika 20 za kusoma kimya kila kipindi cha Ijumaa zinawezekana hata katika shule yenye sanduku moja la vitabu, na sisi tumezipata kwa kuacha kunakili ubaoni maneno magumu ya wiki.

Ninawaomba wakuu wa shule wafungue makabati, na walimu wenzangu wa masomo mengine wasiwaachie kazi hii walimu wa Kiingereza peke yao. Mwalimu wa fizikia ndiye aliye karibu zaidi na ile fimbo ya kioo kuliko mimi.

Yule msichana alipofungua kamusi alikuta "bila kupenda", akaandika kwa kalamu chini ya kisio lake la penseli. Wiki mbili baadaye alilikuta neno lile katika hadithi nyingine, ya mvulana aliyeitwa na mama yake akaacha mpira na kuchukua ndoo "reluctantly", akainakili sentensi hiyo pia. Mara ya tatu lilimhusu mzee aliyemuuza ng'ombe wake wa mwisho ili alipe ada ya mjukuu. Nilipokusanya madaftari niliona amefuta maana ya kamusi, na juu yake ameandika maneno ambayo hakuna mtu aliyempa: kwa shingo upande.