Sikuzimia, Nilikalia Hori

Naanza na marekebisho: sikuzimia. Mwalimu mwenzangu wa chekechea, yule aliyerusha video ya sekunde 29 kwenye WhatsApp na maneno "ticha adondoka baada ya kuombewa mume", ana haraka ya kusimulia lakini macho yake muda wote yalikuwa kwenye sufuria la pilau. Mimi nilikaa. Nilikaa mahali pabaya, hilo sibishi. Lakini kukaa na kuzimia ni maneno mawili tofauti, na mimi ndiye ninayefundisha Kiswahili pale.

Tangu Ijumaa simu haijapoa. Shangazi wa Tabora, ambaye hata mdogo wangu alipooa hakupiga, kapiga. Kwa hiyo sogeeni, niwape yote mara moja, halafu mniache nilale.

Mnaofundisha shule za kanisa mnaijua wiki ya kufunga. Krismasi ya kalenda ni tarehe 25 Desemba, ila ya kwetu ni siku ya kufunga shule, maana ikishapita hapo nusu ya darasa langu iko ndani ya basi la Moshi. Shada la Majilio lina mishumaa minne, mmoja wa kila Jumapili kuelekea Krismasi. Sisi tulikuwa tumewasha mmoja tu, na tayari mtoto Yesu alikuwa anazaliwa darasa la tatu, kati ya kabati la daftari na ndoo ya maji.

Wiki hiyo hakuna anayefundisha, tusidanganyane. Vitabu vimekusanywa, ubaoni kuna nyota za chaki, na watoto 38 wana kelele za watoto 90. Kwenye igizo kila mwanaume alitaka fimbo, nikajikuta na wachungaji kumi na wawili wa kondoo, mbali na mmoja wa usharika. Mamajusi nilipanga watatu. Kakijana kamoja ka dawati la mbele kakanyoosha mkono: "Ticha, Biblia haijasema watatu." Nikafungua Mathayo sura ya pili nimwaibishe. Haijasema kweli. Tukawa na mamajusi saba.

Mtoto Yesu mwenyewe alikuwa mwanasesere wa binti mmoja, ametumwa na mjomba wake kutoka Dubai, na anatumia betri. Ukimminya tumbo anasema "mama, mama", halafu anacheka. Anacheka kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Nilisema betri zitolewe, lakini kifuniko kina skrubu ndogo, na bisibisi ya shule iko kwa mlinzi, na mlinzi alikuwa hayupo. Nikamviringisha kwenye kanga, nikamlaza kwenye hori yetu ya boksi na nyasi, nikajisemea nani atamminya Yesu tumbo.

Sasa Sanduku la Sala. Hilo ni wazo langu, naomba lisiandikwe kwa jina la mtu mwingine. Nilichukua boksi la karatasi za kuchapishia, nikalivisha karatasi za zawadi, nikalitoboa tundu juu. Kila mtoto aandike sala yake kwa Kiswahili, akimwombea mtu mwingine, sio baiskeli yake. "Msiandike majina," nikawaambia. "Mungu anaujua mwandiko wa kila mtu." Nilijiona mwalimu kweli siku hiyo. Siku ya kufunga mchungaji atachomoa chache, awasomee wazazi.

Kazi yangu ilikuwa kuzipitia kwanza. Wapendwa, nilikuwa na ripoti 38 za kujaza kwa mkono, na kwenye kila moja unatakiwa uandike maoni ambayo hayafanani. Saa sita usiku nikalitazama lile boksi, lenyewe likanitazama. Nikasema watoto wa miaka minane wana siri gani.

(Wewe unayefundisha na umeshaanza kucheka, nimekuona.)

Kitu kingine ni huyu bwana wa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Wa siku nyingi hapa mnamfahamu, wapya mtaunganisha wenyewe. Ndiye anayetuletea shuleni viti vya plastiki na kreti za soda kila tukiwa na shughuli, na kwa miezi mitano alikuwa ananibeba na mimi. Halafu siku tisa simu inaita tu. Mimi nikawa nampigia kipindi cha kusoma kimya, nimesimama dirishani, nimewapa mgongo, nanong'ona. Nilidhani kusoma kimya ni wao wasome, kumbe walikuwa kimya ili wasikie.

Ijumaa ikafika na mvua yake ya vuli. Turubai la uwanjani likajaa maji katikati kama kiriba, mkuu akaamuru wazazi wote wa madarasa ya chini waingie kwetu. Madawati nje, viti ndani, watu wamebanana hadi kwenye kabati, shati limenata mgongoni. Igizo likaenda. Jusi wa sita alisahau zawadi yake akatoa penseli, Yusufu akaomba ruhusa ya kwenda chooni katikati ya Bethlehemu, wazazi wakapiga makofi. Mimi nimesimama pembeni mwa hori na gauni langu jipya la kitenge, nang'aa.

Mchungaji akavaa miwani. Huyu mzee ana sauti moja tu ya kusomea, ile ya matangazo ya ndoa ya Jumapili: taratibu, herufi kwa herufi, kama anasubiri mwenye pingamizi.

Karatasi ya kwanza: "Mungu, mponye bibi yangu wa Rombo mguu wake." Amina. Mama mmoja akajifuta macho kwa mtandio.

Ya pili: "Mungu, tukisafiri dereva asilale." Amina hiyo ilikuwa kubwa, maana wengi walikuwa na tiketi mfukoni.

Ya tatu: "Mungu, msaidie baba amalize ada ili nisiitwe tena ofisini." Baba mmoja mstari wa pili akaanza kuchunguza mbao za dari. Mhasibu wa shule akaitikia Amina peke yake, kwa nguvu.

Ya nne: "Mungu, mwambie ticha wetu aturudishie ubuyu wetu uliopo kwenye droo. Kama ameshaula, msamehe."

Kicheko. Na mimi nikacheka, kile cha meno ya mbele tu. Hapo ndipo ningepaswa kusema mchungaji ahsante, pilau inapoa. Sijui kwa nini sikusema. Nadhani nilikuwa najaribu kukumbuka kama nilibakiza pakiti hata moja.

Ya tano ilikuwa imekunjwa mara nyingi hadi ikawa ndogo kama kipande cha kashata, halafu ikagandishwa kwa kitu chekundu. Alama ya kidole ilionekana hadi pale nilipo. Ubuyu. Mchungaji akaifungua mkunjo mmoja. Akapuliza. Akafungua wa pili. Karatasi ikachanika kidogo pembeni, akainyoosha juu ya Biblia kwa kiganja kama anapiga pasi. Nikaona imeandikwa kwa herufi kubwa zote, na mimi ninawajua watoto wangu: anayeandika kwa herufi kubwa anaficha mwandiko, na anayeficha mwandiko hamwombei bibi wa Rombo.

"MUNGU," akasoma, "NAOMBA TICHA WETU APATE MUME."

Wakina mama wakafanya "aaaw". Ningeweza kuishi na hilo. Watu wameombewa makubwa zaidi. Lakini mchungaji wetu ni mtu wa kumaliza alichokianza.

"ILA SIO YULE WA KIRIKUU." Akatulia. Akaisogeza karatasi karibu na miwani. "YULE HAFAI. HAPOKEI SIMU NA TICHA ANALIA DIRISHANI. AMINA."

Na wazazi, kwa mazoea tu, mtu akisikia Amina mdomo unajibu wenyewe, wakaitikia kwa pamoja: "AMINA."

Halafu kimya. Mvua kwenye mabati. Mtoto mdogo anafyonza kwa mrija soda iliyokwisha. Kimya kikaendelea hadi ile soda ikawa ndiyo mhubiri. Na katika kimya hicho, kutoka mlangoni, ambako mtu alikuwa amesimama na kreti begani akisubiri sala iishe ndipo apite, sauti ikasema:

"Lakini mbona napokeaga!"

Jumapili kwa Jumapili mchungaji huuliza nani mwenye pingamizi, na maisha yangu yote sijawahi kusikia mtu akijitokeza. Hili la kwanza likawa langu.

Vichwa vyote vikageuka mlangoni. Vikageuka kwangu. Vikarudi mlangoni. Kama mpira wa meza. Magoti yangu yakanipa taarifa kwamba yanaondoka. Nilijua nyuma yangu kuna kiti, kwa sababu nilikiweka mwenyewe asubuhi. Nisichojua ni kwamba jusi wa saba, baada ya kutoa manemane, alichoka akakichukua. Nikashuka. Nilishuka polepole, kwa heshima kabisa, gauni nimelishika kwa nyuma kama mtu aliyelelewa vizuri, nikasikia boksi linabonyea, nyasi zikanichoma, kisha chini yangu, kutoka ndani ya kanga, ikatoka sauti nyembamba:

"Mama. Mama."

Halafu ikacheka.

Nikajaribu kuinuka, nikateleza, nikarudi. "Mama. Mama." Ikacheka tena. Yusufu, mtoto wa watu, mwenye ndevu za pamba zilizohamia sikioni, akaniinamia akaniambia kwa upole ambao sitausahau: "Ticha, umemkalia Yesu."

Mengine nayapitisha haraka. Walimu wawili waliniinua. Binti wa Dubai alilia hadi akaonyeshwa kwamba mwanasesere bado anacheka, jambo ambalo wote tulikuwa tumeshalisikia. Mkuu alisema tutaongea Januari. Pilau ililiwa, baba wa ada aliongeza mara mbili. Mchungaji alinishika mkono akasema anaichukulia ile kama sala ya kweli na ataiendeleza, nikamwambia Baba naomba usiiendeleze kwa sauti. Bwana wa kirikuu kapiga mara kumi na moja tangu siku ile. Sasa mimi ndiye sipokei.

Ile karatasi ninayo. Jana usiku niliitazama vizuri. Neno "hafai" limeandikwa na H yake, safi, na nina mtu darasani ambaye muhula mzima ananiandikia "afai", "apokei", "asomi", nimemsahihisha kwa kalamu nyekundu hadi wino ukaisha. Nikamwondoa kwenye orodha ya watuhumiwa. Haiwezekani akawa yeye.

Jumamosi asubuhi nilikuwa shuleni nagawa ripoti zilizobaki. Akaja mama mmoja, mabegi yako kwenye bajaji nje, wanawahi basi stendi ya Mbezi, na bintiye amejificha nyuma ya dera. Akamsukuma mbele. Mtoto kashika jani la sale, limekatwa kwenye ua wao hukohuko Goba, ncha imefungwa fundo. Ananinyooshea kwa mikono miwili, macho chini. Na mimi baba yangu ni Mchaga wa Machame, kwao sale ndilo jani la kuombea msamaha. Ukiletewa sale huna ujanja, hata aliyeuliwa ng'ombe anasamehe.

Nikalipokea. Nikamtazama vidole: vyekundu. Nikamtazama usoni: ni yule wa "afai".

"Kumbe H unaijua," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa. Mama yake akamvuta waondoke. Mtoto akafika mlangoni, akageuka.

"Ticha, na ubuyu?"